Mama alitaka kujua mitungi yake iko wapi

Hii stori nimekaa nayo miaka mingi bila kuiandika, kwanza inanihusu vibaya, pili kila nikianza inageuka hotuba, na mimi sio wakili wala sheria sijasoma zaidi ya kukaa kwenye benchi la mahakamani nikimsubiri mama. Ila wiki iliyopita kwenye grupu la mtaa wetu mtu katuma video ya kibaka anapigwa, kavuliwa shati, damu mpaka magotini, na majibu yaliyofuata ni "malizeni", "msimpeleke polisi atatoka kesho", "petroli iko wapi", na walioandika hayo nawajua, ni baba za watu, mmoja anafundisha madrasa na mwingine anaimba kwaya. Nikaandika sentensi mbili nikafuta. Nikaandika tena nikafuta. Usiku sikulala vizuri, kwasababu hilo swali la petroli mimi nilishawahi kulijibu.

Ilikuwa Machi 2017, Morogoro, Mafiga. Mama yangu ni mama ntilie tangu sijaanza darasa la kwanza, ana banda lake la mabati karibu na barabara, wali maharage, ugali dagaa, chapati asubuhi. Usiku wa kuamkia Jumatatu wakavunja. Wakachukua mitungi miwili ya gesi, ile ya kilo 15, sufuria tatu kubwa za kupikia wali, jiko na kibubu. Ukijumlisha ni kama laki tatu na arobaini. Kuna mtu atasoma aone ni hela ndogo, sawa, ila mtungi mmoja ulinunuliwa kwa mkopo wa kikoba na kikoba hakina habari na mwizi, Ijumaa ikifika ni marejesho.

Asubuhi ile ile kijana akakamatwa na sufuria moja kichwani. Nitamwita Dulla, sio jina lake. Alikuwa na miaka 19, mjukuu wa bibi mmoja nyumba ya nne kutoka kwetu, mimi mwenyewe nilishawahi kumtuma vocha dukani. Sasa neno "mwizi" likishapigwa mtaani unajua kinachofuata, watu wanatoka na chochote walichoshika, mwiko, ufito, tofali, hata ambaye hajui kimeibiwa nini anatoka. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Mimi ndo niliyekimbia kwa jamaa anayewauzia bodaboda petroli kwenye chupa. Nikarudi na lita moja.

Nilipofika mama alikuwa ameshapita katikati ya watu, kanga imefungwa kiunoni, kasimama juu ya yule kijana na anafoka kweli kweli. Hakuongelea haki za binadamu. Hakusema mwacheni ni mtoto wa mwenzenu. Alisema, "Mkimchoma huyu nani ataniambia mitungi yangu iko wapi?"

Watu wakanyamaza. Wengine wakaona aibu, wengine wakakasirika kwamba anawaharibia. Difenda ya polisi ikaja, wakambeba, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshavunjwa na sikuona ni nani aliyevunja. Magazeti yetu yana maneno yake kwa watu kama sisi, "wananchi wenye hasira kali", na maneno hayo yanatuficha wote, hakuna jina, hakuna umri, hakuna mtaa. Sisi tuliompiga hakuna aliyeitwa hata kuandika maelezo.

Nimejiuliza mara nyingi asubuhi ile nilikuwa nataka nini hasa. Sikutaka Dulla abadilike. Sikutaka kuwatisha vibaka wengine. Nilitaka aumie, basi, kwasababu nilikuwa nimemuona mama amekaa chini kwenye banda lake tupu anahesabu vifuniko vya sufuria vilivyobaki. Na sitaki kujifanya kwamba hisia hiyo ni ya kishenzi tu, kila aliyewahi kuibiwa au kubakiwa mtoto anaijua. Serikali ilichofanya ni kuichukua hasira hiyo mikononi mwetu na kusema nipeni mimi, nitaipima, mwizi wa sufuria atapata yake na muuaji atapata yake, na hakuna atakayepata zaidi ya alichofanya. Kwangu mimi hiyo ndo sababu ya kwanza ya kuwa na adhabu ya mahakama na naiheshimu sana. Mahakama ikishindwa kuadhibu, au ikionekana inahongeka, watu wanarudi kwenye tairi, tunaliona hilo kila siku.

Shida yangu inaanzia hapo kwenye kupima.

Ukimuuliza mtu yeyote wa kwetu adhabu ni ya nini atakwambia ili wengine waogope. Tumekulia humo. Kuna ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, watu wengi wameisikia, anasimulia sheria waliyoitunga mwanzoni mwa uhuru, ilikuwa 1963, ya adhabu za chini kabisa ambazo hakimu hana ruhusa ya kushuka, kwa wezi na wala rushwa, miaka miwili jela na viboko 24, kumi na mbili siku unayoingia na kumi na mbili siku unayotoka ili ukamwonyeshe mkeo. Watu wanacheka na kupiga makofi. Mimi nikiisikiliza saivi nabaki na yule mke, kwasababu viboko vya kutoka vilikuwa vya kwake, yeye na majirani na watoto, mgongo ule ulikuwa tangazo. Na nchi iliyotangaziwa hivo miaka yote hiyo bado inahangaika na rushwa, si ndo hapo.

Alafu angalia barabara ya Morogoro. Dereva wa basi anayefukuza gari huko porini, akikaribia makazi ya watu anashuka mpaka hamsini kama mtoto mzuri, na adhabu yenyewe ni faini ya elfu thelathini, sio jela, sio kiboko. Kwanini anashuka? Kwasababu ana uhakika tochi ya trafiki ya kupima mwendo iko mbele, na kama hana uhakika mwenzake anayekuja amemuwashia taa. Akishajua leo tochi haipo anakanyaga. Yaani anachopima ni kama atakamatwa, ukubwa wa adhabu unakuja baadae sana.

Sasa peleka hiyo kwenye jambo zito. Wakati mauaji ya watu wenye ualbino yamepamba moto Kanda ya Ziwa, hukumu za kunyongwa zilitoka, za kwanza zilitoka Shinyanga mwaka 2009, nchi nzima ikajua kwamba ukifanya hivi unahukumiwa kitanzi. Mwaka 2024 kule Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili na kidogo akachukuliwa nyumbani kwao akauawa. Anayefanya kitu kama hicho anaamini mganga amemfunika na hatakamatwa. Kitanzi hakimfikii kichwani.

Na kitanzi chenyewe ni jambo ambalo linanisumbua. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyeua kwa kukusudia ni kunyongwa, hakimu hana pa kugeukia, hata kama mbele yake kuna mwanamke aliyepigwa miaka kumi na mume na mwingine ni jambazi wa kukodiwa, hukumu ni moja. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alijaribu mwaka 1994 kusema adhabu hii inapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikamgeuza mwaka uliofuata. Mahakama ya Afrika iliyopo hapo hapo Arusha ikasema Novemba 2019 kwamba kumlazimisha jaji namna hii ni kuvunja haki ya kuishi. Na huku tangu katikati ya miaka ya tisini hakuna aliyenyongwa, Rais Magufuli mwaka 2017 alisema hadharani, siku anamwapisha Jaji Mkuu, kwamba yeye hataki kupelekewa hiyo orodha asaini. Kwa hiyo tuna watu wamehukumiwa kufa, wanaamka kila siku hawafi, na familia za waliouawa zimeambiwa haki imetendeka wakati hakuna kilichotendeka upande wowote. Mimi naona tungeifuta tu na kuandika kifungo cha kueleweka.

Narudi kwa Dulla maana yeye hakuua mtu.

Alikaa rimandi miezi kumi na minne. Kosa lake lilikuwa na dhamana, ila dhamana ni wadhamini wawili wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na nani ataenda kumwekea sahihi mtoto aliyeponea kwenye tairi? Bibi yake alizunguka mtaa mzima. Alikuja mpaka kwetu, mama akamwambia mimi ndo mlalamikaji bibi, nitamdhaminije. Kila tarehe tukienda ni "upelelezi haujakamilika", yaani kijana kakutwa na sufuria kichwani, shahidi ni mtaa mzima, upelelezi haujakamilika. Na kila tarehe mama anafunga banda, analipa nauli, anakaa kwenye benchi mpaka saa saba, kesi inaahirishwa. Nilihesabu tarehe kumi na moja. Ukichukua mauzo ya siku kumi na moja za mama yangu yanakaribia bei ya mitungi ile miwili, kwa hiyo kwa hesabu yangu aliibiwa mara mbili.

Hii ya rimandi naisema kwa uchungu kwasababu ni adhabu kamili inayotolewa kwa mtu ambaye hajahukumiwa. Anayelala humo analala vile vile na mfungwa, anakula vile vile, wengine wanaugua vile vile, na akishaonekana hana hatia hakuna wa kumrudishia hiyo miaka. Julai 2019 Magufuli aliingia gereza la Butimba, Mwanza, akakaa na mahabusu akawasikiliza, nchi nzima ikasikia habari za watu waliobambikiwa kesi. Mwaka 2023 Rais Samia akaunda tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, na wananchi walioifuata tume ile walikuwa wanalalamikia haya haya. Wakubwa wanajua. Mimi ninachoomba ni kwamba tukiongelea adhabu tusianzie kwenye hukumu, tuanzie siku mtu anavuliwa mkanda na kamba za viatu.

Hukumu ilikuja Mei 2018, miaka mitatu. Mtaani wakasema "kala mvua tatu", kidogo tu, wengine walitaka thelathini. Kuna sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002, inagusa vifungo visivyozidi miaka mitatu, mtu anafanya kazi za umma huku analala kwake na afisa anamfuatilia, na hakimu pia ana uwezo wa kuamuru fidia. Siku ile sikusikia mtu yeyote ameitaja mojawapo. Mama alipanda kizimbani akaulizwa kama anaitambua sufuria. Akasema anaitambua kwa ufa wa kwenye mkono. Akashuka. Habari ya mitungi hakuulizwa, na Dulla hakuulizwa kaiuza wapi.

Nisieleweke vibaya. Wapo watu wanatakiwa wafungiwe na mlango usifunguliwe mapema. Anayewinda watoto, jambazi anayeingia nyumba za watu na panga, huyo kwanza jamii ipumzike naye, habari za kumrekebisha zitafuata. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka miaka thelathini kwa mbakaji na sioni kama iko juu. Ninachobisha ni kumwekea kijana wa sufuria mlango huo huo, kwenye selo hiyo hiyo, alafu tuite gereza chuo cha mafunzo. Ni kweli kuna magereza yanafundisha kazi, Karanga pale Moshi wanatengeneza viatu na mikanda ya ngozi, vizuri kabisa. Ila Dulla alilima. Alilima miaka miwili, maana theluthi ya kifungo ilikatwa kwa tabia njema, na kulima alikuwa anakujua tangu kwa bibi yake.

Kuna kitu nilikisikia kwa jamaa mmoja wa Kigali tuliyekuwa tunafanya nae kazi, nikaja kukisoma zaidi, na kikanirudisha kwenye ile sentensi ya mama. Baada ya 1994 Rwanda ilikuwa na watu kama laki moja na ishirini gerezani kwa mauaji ya kimbari, mahakama za kawaida zingehitaji zaidi ya miaka mia kuwamaliza. Wakafufua gacaca, mikutano ya kesi kwenye majani, waamuzi wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe, mahakama zaidi ya elfu kumi na mbili, kesi karibu milioni mbili mpaka walipofunga mwaka 2012. Aliyekiri alipunguziwa, na sehemu ya kifungo alifanya kazi za umma, barabara, matuta, nyumba. Ila kukiri hakukuwa kusema tu nimekosa. Ilibidi useme ulikuwa na nani, na miili iko wapi. Watu walikuwa wanakuja miaka kumi baadae kuulizia mfupa wa mtoto ili waufanyie mazishi, na aliyekuwa anajua uko kwenye choo kipi ni muuaji peke yake. Ungemnyonga ungebaki na choo usichokijua. Gacaca ilikuwa na kasoro kubwa, mshtakiwa hakuwa na wakili, waliouawa na askari wa upande ulioshinda hawakusikilizwa humo, na kuna waliosingiziwa kwa ajili ya mashamba. Mitungi ya gesi siilinganishi na mauaji ya kimbari, naomba nieleweke. Ila swali la aliyeumizwa lilikuwa la aina moja, iko wapi, na mahakama zetu hazina sehemu ya kuliuliza.

Dulla alitoka Mei 2020. Siku ya tatu akaja bandani asubuhi wateja wakiwa wengi, kasimama pembeni kwenye ndoo za maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Mama akampa chai na chapati mbili, akamwacha ale. Watu wawili watatu wakasogeza simu zao karibu. Alipomaliza mama akakaa mbele yake, akamuuliza, "Mitungi yangu uliipeleka wapi?" Akamwambia yote, aliyemuuzia, elfu arobaini kwa kila mmoja, mwenzake aliyekimbia na jiko na kibubu, na kwamba yeye hela ile ilimtoka kwa siku nne. Akasema mama ndo mtu wa kwanza kumuuliza.

Wakapatana atasomba maji ya banda kwa mkokoteni na kila siku mama atakata elfu moja kwenye deni. Mama akafungua ukurasa kwenye daftari lile lile la kikoba. Nilikuwa Dar wakati huo, nikapiga simu nikagomba sana, nikamwambia mama unafuga nyoka. Akanijibu kwani wewe mitungi utaninunulia? Kweli nilikuwa sijamnunulia.

Alisomba mpaka Septemba. Ilifika elfu tisini na kitu alafu siku moja hakuja, na kesho yake hakuja, tukasikia kaenda Dar kutafuta maisha. Hakuiba kitu siku anaondoka. Ukurasa upo, mama hajaufuta, na ukimuuliza kama angetaka afungwe zaidi anakwambia akifungwa maji nani angeleta. Sijui uite nini hiyo, mtu hajamaliza deni, hajawa mchungaji, hajarudi jela. Wanaotaka stori iishe kwa kutubu sina ya kuwapa.

Desemba iliyopita nimeshuka stendi ya Msamvu na begi kubwa, kijana mmoja anapiga debe gari za Dodoma akalipokea kabla sijasema kitu. "Kaka, mama hajambo?" Ni yeye. Kanenepa kidogo, kaoa kasema, ana mtoto. Begi alilishika kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto vidole viwili havikunji. Akanisindikiza mpaka kwenye boda, hakutaka hela, akasema mwambie mama namdai msamaha na yeye ananidai zake, akarudi kwenye magari yake.

Sijui kama anajua ni nani alienda kuleta petroli. Alikuwa chini, uso kwenye vumbi, inawezekana hakuona. Mama aliona. Ile chupa niliiacha nyuma ya mlango nikaisahau, nikaja kuikuta wiki imepita iko pale pale imejaa, mama kaifagilia pembeni kila asubuhi hajaigusa, na mpaka leo hajanitajia. Kwa nilichotaka kufanya siku ile ningekuwa nimeua mtu, na kwa kifungu kile kile cha 197 ningesomewa kitanzi mimi na wenzangu wote wenye hasira kali, ila hakuna anayenidai chochote mahali popote.

Nashuka Morogoro tarehe 14. Nimeshampigia konda mmoja ninayemfahamu pale stendi, kaniambia Dulla anakuwepo kila siku kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana, Jumapili hayupo.